Kicheko Nyuma ya Mkono wa Kimono

Mama yake Fumiyo Kajitani alikuwa na chonge moja upande wa kushoto lililochomoza na kumpanda jino mwenzake. Vijana wa enzi zake walilisifu sana, na mumewe, fundi wa mapipa ya kutilia mboga za chumvi, alikuwa na mazoea ya kusema kwamba yeye aliposa jino, mwanamke akaja kama nyongeza. Mwenyewe alilionea haya maisha yake yote. Kwa hiyo alipocheka, mabega yalitangulia kutikisika, kisha mkono wa kimono ukapanda hadi mdomoni, na juu yake yakabaki macho mawili yakikutazama kama ya mtoto aliyekutwa na sukari kiganjani. Mkoa mzima wa Yamagata hakuna aliyecheka namna ile. Sasa wanacheka hivyo hata wasiomjua, na hilo ndilo ninalotaka kulisema.

Fumiyo aliondoka kwao akiwa binti, akaenda Tokyo kuchora filamu za katuni. Ilikuwa enzi zile kila kitu kikichorwa kwa mkono. Kampuni yao ilikuwa pale Nerima, ghorofani, chini kuna duka la tofu, ile jibini ya soya, na ukipanda ngazi unapanda pamoja na harufu ya mafuta ya kukaangia. Yeye alikuwa mchora kati. Mkubwa huchora mwanzo wa tendo na mwisho wake: mkono uko chini, mkono uko juu. Mchora kati ndiye anayeutoa mkono chini na kuufikisha juu, karatasi kwa karatasi, juu ya meza ya kioo yenye taa kwa chini. Mkubwa akisifiwa kwamba watu aliowachora wanatembea, jua kuna mtu wa kati aliyewatembeza. Majina ya watu hawa hurundikwa mwisho wa filamu, yakapita wakati watazamaji wanaokota miavuli yao. Fumiyo alikuwa hajali sana. Sana, nimesema, kidogo alijali.

Kila meza pale ilikuwa na kioo kidogo cha kujitazamia. Ukitaka kuchora mtu anayelia, ujilize mwenyewe, ujitazame, uchore. Mgeni akiingia ghafla atadhani amefika nyumba ya wendawazimu: huyu kakenua, yule kavimba mashavu, mwingine anakitisha kioo chake kwa makucha.

Meza ya jirani ilikuwa ya Ritsuko Ogami. Waliingia kazini pamoja, wakapanga chumba kimoja, wakala tambi za bakuli moja. Ritsuko hakuwa na mama, na baba yake alikuwa ameoa kwingine asikokaribishwa binti huyo. Mwaka Mpya wa kwanza Fumiyo akamchukua kwao. Mama alimtazama yule msichana mwembamba aliyesimama mlangoni na viatu vimejaa theluji, hajui apande sakafu iliyoinuka au arudi.

"Pita, mwanangu, panda ndani," alisema. "Unangoja barua ya mwaliko?"

Akampa mchuzi wa magimbi, akampa tena, na usiku akamfunga tumboni mshipi wa sufu aliomfumia Fumiyo. Tangu siku hiyo Ritsuko alikuwa mtoto wa nyumba ile. Ritsuko alipopandishwa kuwa mkuu wa wachoraji, Fumiyo akabaki palepale kati, mama aliwapikia wote wali mwekundu wa sherehe, na Fumiyo alikula kwa moyo mweupe.

Kisha mama akaugua damu. Mwili uliacha kujitengenezea, ikabidi aishi kwa damu za watu. Wasichana hao wawili walipokezana kwenda hospitali, na mara nyingine wakaenda wote.

"Leo wamenipa ya kijana," alisema siku moja akiutazama mfuko ulioning'inia. "Naisikia inakimbia mbio miguuni. Ile ya juzi ilikuwa ya mzee, inatembea kwa bakora."

"Mama, acha utani," Fumiyo akamwambia.

"Nikiuacha nitakufa na nini?"

Mfuko ulipokwisha, mama alikutanisha viganja, akauinamia vilevile unavyoiinamia meza ukimaliza kula, akasema, "Gochisosama." Ndilo neno letu la kumshukuru aliyekulisha. Hakuna mlo usiofungwa nalo, uwe wa kifalme au wa wali na kipande cha figili. Mama alikuwa akimshukuru mtu asiyemjua aliyempa damu yake, na alimshukuru kwa moyo wote. Baada ya hapo mabega yakaanza kutikisika, na mkono wa nguo ya hospitali ukapanda mdomoni.

"Msije mkawaambia watu," alisema akicheka. "Watasema mke wa Kajitani amegeuka mnyonya damu. Hata baba yenu msimwambie, atalala na kitunguu saumu cha kunifukuzia."

"Hili tunazikwa nalo, mama," Ritsuko alimjibu, akamfuta jasho la paji la uso.

Mama alifariki majani ya miti ya milimani yakianza kuwa mekundu. Ritsuko alilia mazishini kuliko Fumiyo, hata majirani wakauliza yupi ndiye binti.

Majira yaleyale kampuni ilikuwa imeshika filamu ya mnyonya damu, itoke kiangazi, maana kwetu kiangazi ndicho wakati wa hadithi za kutisha. Wazee wanasema mtetemo wa hofu unapoza mwili. Mnyonya damu alikuwa bwana mrefu, mweupe kama mshumaa, mwenye joho. Anabisha hodi nyumba za watu usiku wa theluji, na haingii mpaka mwenye nyumba atamke kwa kinywa chake kwamba apite. Ritsuko ndiye aliyemchora, naye mwongozaji, Bwana Hirabayashi, hakumpenda hata kidogo.

"Mnyonya damu haonekani kwenye kioo, hilo najua," alisema mbele ya watu wote, akizirusha karatasi mezani. "Lakini wako, Ritsuko, haonekani hata kwenye karatasi! Huyu ni mwanasesere. Nani atamwogopa mwanasesere? Niletee kitu kilicho hai, au nimpe kazi mtu mwingine."

Watu wakainamia meza zao. Fumiyo alimnunulia rafiki yake tofu ya moto, wakala wamekaa ngazini.

Siku chache baadaye Ritsuko alikuja na bahasha ya michoro. "Fumi, kuna kipande hiki nataka ukichore wewe. Kuna mwanamke amepokewa nyumbani kwa watu, amelishwa, anacheka. Ni kifupi tu." Akasita kidogo. "Nimemchora mama."

Fumiyo akatazama. Alikuwa ni mama kweli: mkono uko chini mapajani, mkono uko mdomoni, na macho yale. Sehemu ya mdomo ilikuwa tupu. Hilo halikumshangaza, na wala lisingemshangaza yeyote wa kazi hiyo. Mdomo huchorwa kwenye plastiki yake ya pekee na kulazwa juu ya sura, ili upatane na sauti ya mwigizaji.

"Anakufa?" Fumiyo aliuliza. Mchora kati hapewi hadithi, anapewa vipande.

"Hafi, Fumi. Yeye peke yake ndiye asiyekufa."

Na Fumiyo, masikini, akafurahi!

Aliichora kazi ile kwa upendo ambao hajawahi kuuweka kwenye karatasi. Alikiweka kioo mbele yake, akatikisa mabega, akapandisha mkono wa sweta, akashtuka: macho yaliyomtazama kutoka kiooni yalikuwa ya mama. Hakujua kwamba alikuwa nayo. Alilia, akacheka, akachora, jirani zake wakadhani ana zamu ya kipande cha kichaa. Alijua bega lipi litangulie. Alijua kwamba mkono haupandi moja kwa moja, unasita kidogo kifuani kama unaoomba ruhusa. Haya Ritsuko hakuyaandika popote. Yalitoka mkononi mwa binti. Alipomaliza aliziinamia zile karatasi kabla ya kuzikabidhi.

Filamu ilipokamilika, wafanyakazi walionyeshwa kwanza wenyewe. Taa zikazimwa. Fumiyo alikaa katikati ya wachoraji akingoja kipande chake kama mzazi anayengoja mwanawe apande jukwaani.

Yule bwana wa joho hakutokea. Hodi ilibishwa katikati ya theluji, mlango ukafunguliwa, na nje alikuwa amesimama mwanamke wa makamo mwenye kimono cha rangi ya majivu, viatu vimejaa theluji. "Pita, panda ndani," wenye nyumba wakamwambia. Wakamlisha, wakamtandikia. Kisha watu wa nyumba ile wakawa wamelala sakafuni, hawaamki tena. Mwanamke akakaa katikati yao. Mabega yakaanza kutikisika. Mkono ukasita kifuani, ukapanda mdomoni, macho yakacheka juu yake. Halafu ukashuka. Mdomo haukuwa mtupu tena. Kulikuwa na damu hadi kidevuni, na chonge la kushoto limempanda jino mwenzake. Akakutanisha viganja, akawainamia maiti.

"Gochisosama," akasema.

Mtu mmoja nyuma alipiga yowe. Kisha ukumbi mzima ukapiga makofi, na Bwana Hirabayashi akasimama, akamwinamia Ritsuko mbele ya wote. Fumiyo hakuweza kuinuka. Aliona kama mtu ameingia nyumbani kwao, akamfukua mama kwenye sanduku la majivu, akamvisha meno, akamtembeza barabarani kwa kiingilio. Na aliyembeba ni yeye Fumiyo, kwa mikono yake, karatasi kwa karatasi.

Alimkuta Ritsuko ngazini.

"Umempa jino lake."

"Fumi, nisikilize kwanza..."

"Umempa jino lake, Ritsu! Umempa na neno lake!"

"Walikuwa wananiondoa. Ulisikia kwa masikio yako. Kila nikifumba macho nikitafuta mtu aliye hai kwelikweli, namwona mama. Ulitaka nifanye nini?"

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo!"

"Sasa je?" Ritsuko alisema kwa sauti ndogo, kana kwamba hesabu imekwisha.

Fumiyo alimsogelea. "Lakini kwa nini mimi? Una wachora kati chumba kizima."

Ritsuko akaangalia chini. "Walijaribu. Hawakuweza. Mkono unaomjua mama ni wako." Kisha akajikaza. "Angecheka, nakuapia. Angekuwa wa kwanza kucheka."

"Angecheka na sisi! Alituomba kitu kimoja tu maisha yake yote, Ritsu. Kimoja. Ukasema tutazikwa nacho."

"Jina lako nimelipandisha. Limo pamoja na wachoraji wakuu. Siyo ulilokuwa ukilitaka?"

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilidhani wanasema juu ya chawa na kunguni. Fumiyo alimwacha palepale ngazini. Alikwenda kwa Bwana Hirabayashi kuomba kipande kiondolewe, akaambiwa nakala zimeshaanza kusambazwa, tena akapongezwa. "Mwanamke yule mlimtoa wapi?" mwongozaji alimuuliza akicheka. "Ana uhai kutushinda sisi!"

Kiangazi kikaingia, na tangazo la filamu likawa linapita kwenye runinga kila jioni, na tangazo lenyewe ni kile kicheko. Wasichana wa shule wakawa wanakifanya stesheni, mkono wa sare mdomoni, wanaangua vicheko. Kwenye mkahawa wa tambi vijana wakimaliza kula wanakenua meno na kunguruma, "Gochisosamaaa!" Fumiyo akaacha kulitamka. Alikula akaondoka kimya, hata mwenye mkahawa akamuuliza kama siku hizi supu imemshinda.

Mwezi wa nane ukawa unakaribia, na ndani yake Obon, siku wafu wanaporudi nyumbani. Kwa mama ilikuwa Obon ya kwanza, na ya kwanza haifanyiwi mchezo. Baba alipiga simu.

"Nimeshapata mabua ya katani ya moto wa kumwita," alisema, sauti imechangamka kuliko ilivyokuwa mwaka mzima. "Na tango la kumfanyia farasi wa kupanda nimeshalichagua, nitalichomeka vijiti virefu vya miguu, afike upesi. Ritsuko nimeshampigia. Atakuja."

Fumiyo akairudisha simu mahali pake. Angemfukuzaje mtu aliyekaribishwa na baba?

Baba macho yalikuwa hafifu, na runinga aliifungua kwa ajili ya mieleka ya sumo tu. Hakuwa ameona kitu. Mtaa mzima ulikuwa umeona, ukamtambua mke wa Kajitani mara moja, ukanyamaza mbele ya mzee. Hilo Fumiyo alilijua tangu aliposhuka kwenye treni. Watu walimsalimu kwa adabu nyingi mno. Ritsuko alishuka kwenye treni ileile, behewa la mbali, na boksi la vitamutamu mkononi.

Fumiyo alikuwa ameapa kumwambia baba kabla ya moto kuwashwa. Alijua akisikia kwa mtu mwingine, mama atakuwa amekufa mara ya pili mikononi mwake. Lakini alimkuta mzee ameoga, amevaa kimono chake kizuri, amepanga mbele ya madhabahu ndogo ya marehemu tikiti maji, mchuzi wa magimbi na lile tango lililochomekwa vijiti vya miguu.

"Baba, kuna jambo," alianza.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Nikishamleta mama yako, tutaongea wote."

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya milima. Wakatoka mlangoni: baba, Fumiyo, Ritsuko, na Chinami, binti mdogo wa jirani, ambaye mama alimlea nusu ya siku zake na ambaye huingia nyumba ile kama kwao. Alivalishwa kimono chepesi cha kiangazi chenye samaki wekundu. Baba alipanga mabua juu ya kigae, yakamponyoka, akayaokota, yakamponyoka tena. Chinami akacheka. Mabega yakatangulia. Mkono wa kimono ukasita kifuani, ukapanda mdomoni, macho yakabaki juu.

Mzee akaganda na bua mkononi.

"Hebu tena," alinong'ona. "Chinami, fanya tena, mjukuu wangu."

Mtoto akarudia, safari hii kwa mbwembwe.

"Ndivyo hasa! Mabega kwanza! Fumiyo, umeona? Umeona?" Machozi yalimtoka mzee, akawa anacheka. "Nilidhani sitakiona tena. Bibi kakufundisha lini?"

"Siyo Bibi," Chinami alisema. "Ni mnyonya damu."

"Nani?"

"Mnyonya damu wa sinema, Babu. Anacheka hivi, halafu anakula watu, halafu anasema gochisosama. Dada Fumiyo ndiye aliyemchora. Mama kaona jina lake."

Baba aligeuka. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anangoja aambiwe kwamba mtoto amekosea. Fumiyo akamtazama Ritsuko. Maneno matatu yangetosha: ni mimi, baba. Mzee huyu alimpa Ritsuko mahali pa kulala, mkewe alimfunga mshipi wa sufu tumboni. Ritsuko alikuwa ameliinamia boksi la vitamutamu, anaunyoosha utepe wake kwa kidole, anaunyoosha ingawa umeshanyooka.

"Fumiyo?" baba aliuliza.

"Nilimchora, baba," Fumiyo alisema, maana mkono ulikuwa wake kweli. Akataka kuendelea, lakini baba alikuwa ameshageuka.

Mzee alilitazama bua mkononi mwake. Kisha akachuchumaa, akawasha kiberiti. Mabua makavu yakashika moto, moshi ukapanda wima. "Njoo," alisema, na sauti ilikuwa imezeeka. "Nyumbani ni huku. Pita, panda ndani."

Hapo Chinami akapiga ukelele. "Usimkaribishe, Babu! Ukimwambia apite ataingia!" Akakimbilia ndani na kandambili zake za mbao miguuni, mlango ukaburutwa, na komeo likasikika likianguka.

Baba alikwenda akagonga mlango wa nyumba yake mwenyewe.

"Fungua, Chinami. Ni bibi yako tu. Yule aliyekuwa akikupa magimbi."

"Sitaki! Ana meno!"

"Fungua, mjukuu wangu. Ametoka mbali."

Ndani kulisikika kilio cha mtoto. Ritsuko aliliweka boksi kwenye jiwe la mlangoni, akainama, akaondoka kuelekea stesheni bila kuaga. Fumiyo alibaki amesimama, mkono wa nguo yake umeziba mdomo asipige kelele, na baba alipogeuka akamwona hivyo, akayaondoa macho yake haraka. Mabua yakawa majivu. Moto wa kumwita mama ulizimika, na mlango ulikuwa bado umefungwa.